Amri ya Mmoja, Uratibu au Kukasimu Madaraka: Uongozi Upi Unafaa Tukio Linapotokea Kazini?

Tukio la kazini, liwe ni moto, kuvuja kwa kemikali, kuzimika kwa mfumo wa kompyuta unaotegemewa na wateja wote au mfanyakazi kuumizwa na mashine, huikuta timu ikiwa na watu ilionao na mazoea iliyonayo. Hakuna anayepata nafasi ya kujifunza uongozi wakati king'ora kinalia. Ndiyo maana swali la nani ataamua, nani atatenda na nani ana haki ya kusema "simamisha" linapaswa kujibiwa katika siku ya kawaida, na majibu yanayofahamika ni ya aina tatu. La kwanza ni amri ya mmoja, ambapo kiongozi hupokea taarifa zote, huamua kila hatua, na wengine hutekeleza. La pili ni uratibu, ambapo kiongozi hagusi mtambo wala kompyuta, bali hugawa majukumu, huangalia hali nzima na kuhakikisha kila mmoja anajua mwenzake anafanya nini. La tatu ni kukasimu madaraka, ambapo kiongozi hueleza lengo na mipaka, kisha walio karibu na tatizo huamua wenyewe na kumpa taarifa.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya meneja, msimamizi wa zamu au kiongozi wa timu ya ufundi anayetakiwa kuchagua. Niuweke wazi msimamo wangu mapema: sehemu nyingi za kazi zingefaidika zaidi kwa kuufanya uratibu kuwa msingi, kukasimu madaraka mengi kuliko zinavyofanya sasa, na kuibakiza amri ya mmoja kwa dakika zile chache zinazoihitaji kweli. Hata hivyo kila njia ina mahali pake, na yapo mazingira ambamo pendekezo hilo halitafaa, nami nitayataja.

Tukio moja, namna tatu

Tuchukue ghala la baridi linalopozwa kwa amonia, gesi ya kupozea yenye sumu. Ni usiku, na opareta wa zamu anasikia harufu kali karibu na chumba cha kompresa. Kazini wapo yeye, fundi wa mitambo, wapakiaji kadhaa ndani ya ghala, mlinzi getini na msimamizi wa zamu ofisini.

Kwa amri ya mmoja, opareta anampigia msimamizi: "Mkuu, kuna harufu ya amonia huku." Msimamizi anauliza maswali, anaamuru wapakiaji watoke, anamwelekeza fundi vali ya kufunga, kisha anawapigia zimamoto yeye mwenyewe, na wakati anaongea na zimamoto, fundi anampigia kuuliza jambo la haraka na simu haipokelewi.

Kwa uratibu, simu ni ileile lakini jibu ni la kugawa kazi: "Wewe na fundi shughulikieni mtambo, fundi ndiye mkuu wa upande huo. Mlinzi awapigie zimamoto na afungue geti. Kiongozi wa wapakiaji awatoe watu kuelekea upepo unakotoka na awahesabu. Mimi sitoki hapa kwenye simu; kila mmoja anipe taarifa baada ya dakika tano."

Kwa kukasimu madaraka, simu inapopigwa mambo mawili yameshafanyika. Opareta amebonyeza kitufe cha dharura na kuzima kompresa, na wapakiaji wameanza kutoka, kwa sababu maelekezo ya kudumu yanamruhusu yeyote anayesikia harufu hiyo kufanya hivyo bila kuuliza. Simu yenyewe inakuwa hivi: "Mkuu, nimezima kompresa na watu wanatoka. Fundi anakusudia kufunga vali ya kwenye tangi. Amevaa kifaa cha kupumulia na mwenzake yuko mlangoni akimwangalia. Una pingamizi?"

Msimamizi wa mfano huu wa tatu hajanyang'anywa chochote. Bado anaweza kukataa, kuongeza sharti au kuchukua usukani. Kilichobadilika ni kwamba hatua za kwanza hazikungoja apokee simu, na kwamba taarifa iliyomfikia imekuja na uamuzi ndani yake pamoja na sababu zinazomwezesha kuupima. Mtu anayezoea kutoa taarifa za namna hiyo hujifunza kufikiri kama msimamizi, jambo ambalo yule aliyezoea kusema "kuna harufu huku" hapati nafasi ya kulijifunza.

Kasi

Hoja kuu ya wanaoitetea amri ya mmoja ni kasi, na hoja hiyo ina ukweli. Pale ambapo hatari iko wazi, hatua inayotakiwa ni moja na anayeamuru ana uzoefu kuliko wengine, hakuna njia inayoweza kuishinda. "Tokeni wote, sasa hivi!" ni amri isiyohitaji kikao, na mtu anayetaka kushika waya wenye umeme haelezwi malengo, anapigiwa kelele aache. Shida huanza katika dakika zinazofuata. Kila taarifa inapita kwa mtu mmoja, kila ruhusa inatoka kwa mtu mmoja, na anaposhughulikia moja nyingine zinapanga foleni. Ukiitazama timu kwa mbali utaona nidhamu, kumbe nusu yake imesimama ikingoja kuambiwa.

Uratibu ulizaliwa kutokana na shida hiyo. Mwaka 1970 moto uliunguza maeneo makubwa ya kusini mwa California, na vikosi vingi vya zimamoto vilivyoitwa kusaidiana vikajikuta vinatumia istilahi tofauti, redio zisizosikilizana na safu za uongozi zisizopatana. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kilichokwamisha kazi mara nyingi kilikuwa mawasiliano na usimamizi, zaidi ya uhaba wa magari au watu. Kutokana na hapo ukajengwa mfumo unaojulikana kwa herufi ICS (Incident Command System, yaani mfumo wa uongozi wa matukio), ambao tangu mwaka 2004 ni sehemu ya mfumo wa kitaifa wa Marekani wa kushughulikia matukio, na ambao timu nyingi za kompyuta zimeuazima na kuurekebisha kwa kazi zao. Kanuni zake mbili zinamfaa hata kiongozi mwenye watu wanane tu. Kila mtu awe na mkuu mmoja wa kumpa taarifa; na mkuu mmoja asisimamie moja kwa moja watu wengi kuliko anavyowamudu, kipimo kilichozoeleka kikiwa watatu hadi saba, na watano ndiyo idadi inayopendekezwa.

Kwa hiyo katika kasi, amri ya mmoja hushinda dakika ya kwanza, uratibu hushinda saa zinazofuata, na kukasimu hushinda zote mbili pale tu ambapo waliokasimiwa wamefanya mazoezi. Sharti hili la mazoezi si dogo, na nitalirudia.

Anayejua na anayeamua

Hapa ndipo tofauti ya njia hizi tatu inapokuwa nzito kuliko popote, na historia ya usafiri wa anga inaionyesha vizuri.

Tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United Airlines, safari namba 173, ilikuwa ikikaribia Portland nchini Marekani pale magurudumu yake yalipoleta shaka. Rubani mkuu aliizungusha ndege angani kwa takriban saa moja akishughulikia tatizo hilo na kuandaa abiria. Wenzake ndani ya chumba cha marubani walijua kwamba mafuta yanapungua na walilitaja jambo hilo, lakini hawakulisema kwa uzito uliotosha kuyateka mawazo ya mkuu wao. Mafuta yalikwisha, ndege ikaanguka kabla ya kufika uwanjani, na watu 10 wakafa. Wachunguzi walimlaumu rubani mkuu kwa kutofuatilia mafuta, na pia waliwataja wenzake kwa kutofikisha wasiwasi wao ipasavyo. Ujuzi wa kuiokoa ndege ile ulikuwa chumbani. Haukufika kwa aliyekuwa na mamlaka ya kuutumia.

Mwaka uliofuata NASA, shirika la Marekani la anga, iliandaa warsha juu ya makosa ya binadamu katika chumba cha marubani, na mwaka 1981 United ikaanza kuwafundisha marubani wake namna ya kufanya kazi kama timu: mdogo aseme bila kuzungukazunguka, mkubwa aombe mawazo kabla ya kuamua. Tarehe 19 Julai 1989 mafunzo hayo yalipimwa. Katika safari namba 232 ya shirika hilohilo, injini ya mkiani ilipasuka na vipande vyake vikakata mifumo yote ya haidroliki, yaani ya mafuta yenye shinikizo yanayosukuma mabawa ya uongozaji, hivyo usukani wa ndege ukawa haufanyi kazi. Rubani mkuu, Al Haynes, hakuwa na mwongozo wa hali kama hiyo. Rubani mwalimu aliyekuwa miongoni mwa abiria, Dennis Fitch, alijitolea kusaidia. Haynes alimkubali na kumkabidhi kazi ya kuendesha mikono ya nguvu za injini mbili zilizobaki, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kuielekeza ndege. Waliifikisha uwanja wa ndege wa Sioux City, Marekani. Watu 112 walifariki na 184 wakapona, katika ajali ambayo ingeweza kumuua kila mmoja wa watu 296 waliokuwamo. Haynes alieleza mara nyingi kwamba mafunzo yale ya kazi ya pamoja yalichangia sana.

Nayataja matukio haya mawili pamoja kwa sababu ya jambo moja. Katika yote mawili kulikuwa na rubani mkuu mwenye mamlaka kamili. Hakuna aliyeondoa cheo. Haynes alibaki kuwa nahodha wa ndege ile mpaka ilipogusa ardhi. Tofauti ilikuwa katika mahali alipouweka uwezo wa kuamua na kutenda: aliupeleka mikononi mwa aliyekuwa na nafasi na ujuzi wa kuutumia. Kiongozi anayeogopa kwamba kuiwezesha timu ni kujivua madaraka anapaswa kulitafakari hilo kwa makini.

Kwa kipimo hiki cha ujuzi, amri ya mmoja ndiyo dhaifu kuliko zote, maana inamtaka mkuu ajue kila kitu na inawafundisha wengine kwamba kazi yao ni kungoja. Uratibu ni bora zaidi kwa kuwa unamwacha kiongozi na masikio yaliyo wazi. Lakini uratibu peke yake hautoi sauti kwa mtu aliyenyamazishwa kwa miaka; mratibu asipouliza kwa jina, "Wewe uliye kwenye hifadhidata, unaona nini ambacho sisi hatukioni?", ataendelea kusikia sauti za wale waliozoea kuongea.

Umbali kati ya ofisi na eneo la tukio

Tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini lililipuka, na watu 167 wakafa. Mengi yamesemwa juu ya chanzo chake. Kwa mada hii yapo mambo mawili ya kuzingatia. Watu wengi walikusanyika katika jengo la malazi, kama walivyofundishwa, wakingoja maelekezo ya kuhamishwa ambayo hayakuja, na wengi wao wakafia humo kwa moshi. Walionusurika kwa sehemu kubwa ni wale waliojitafutia njia ya kufika baharini. La pili, majukwaa jirani ya Claymore na Tartan, yaliyounganishwa na Piper Alpha kwa mabomba, yaliendelea na uzalishaji kwa muda ilhali moto unaonekana. Uchunguzi ulioongozwa na jaji Lord Cullen uliwakosoa wakuu wa majukwaa hayo kwa kuchelewa kusimamisha. Kusimamisha uzalishaji ni uamuzi wa gharama kubwa, na mtu ambaye hajawahi kuambiwa waziwazi kwamba uamuzi huo ni wake, na kwamba hatalaumiwa akiuchukua, atatafuta wa kumuuliza.

Upande wa pili, wa aliye eneo la tukio kupingana na ofisi, uko katika kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani. Tarehe 12 Machi 2011 mkuu wa kituo cha Daiichi, Masao Yoshida, aliambiwa kutoka juu asimamishe umwagiaji wa maji ya bahari kwenye kinu namba 1. Yeye aliyekuwa pale aliona kwamba kusimamisha ni hatari, na umwagiaji ukaendelea. Wengi wanamsifu kwa hilo, nami pia, lakini ningependa somo lichukuliwe kwa mpangaji wa mfumo kuliko kwa shujaa. Mfumo unaomlazimisha mtu wa eneo la tukio aonekane anatii huku akitenda kinyume ni mfumo uliokosa kukasimu kwa maandishi mamlaka aliyostahili kuwa nayo tangu mwanzo. Kama tukio linaweza kukata mawasiliano, au kama ofisi kuu haioni kinachoonwa na walio pale, basi uamuzi wa usalama ubaki kwa walio pale, na ofisi kuu ibaki na kazi ya kuwapelekea wanachohitaji.

Uchovu na kukabidhiana

Jambo hili hulinganishwa kwa nadra, ingawa matukio mengi huchukua saa nyingi. Amri ya mmoja inategemea akili ya mmoja, na akili hiyo huchoka. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi programu za watengenezaji mtandaoni, aliyekuwa akihangaika kurekebisha urudufishaji wa hifadhidata (kunakili data za seva kuu kwenda seva ya akiba) alifuta saraka, yaani folda, ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alipogundua na kukatisha amri ile, sehemu kubwa ya data ilikuwa imeshafutika, na njia za nakala rudufu zilizodhaniwa kuwepo zikakutwa hazifanyi kazi. Kilichookoa hali ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono takriban saa sita kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine. Kampuni ilieleza hadharani kila hatua na haikumtoa mhandisi wake kafara.

Mtu wa pili anayetazama skrini ileile na kuulizwa, "Nakusudia kufuta saraka hii kwenye seva hii; unaona jina gani la seva?", ni kinga rahisi. Uratibu huweka kinga hiyo kwa kawaida, kwa sababu anayetenda na anayesimamia ni watu wawili tofauti. Unawezesha pia kukabidhiana zamu, mradi kuna kumbukumbu inayoandikwa tukio likiendelea: saa, kilichoonekana, kilichofanywa, aliyefanya, kinachongojewa. Anayepokea zamu aseme kwa sauti, "Sasa mimi ndiye msimamizi wa tukio," na anayeondoka aondoke kweli. Mabosi wawili wanaojiona wote wako usukanini ni hatari kuliko bosi mmoja aliyechoka.

Namna ya kukasimu ili kusiwe kutelekeza

Viongozi wengi hutamka kwamba wameiwezesha timu yao, kisha tukio linapotokea inaonekana walichokasimu ni lawama peke yake. Kukasimu kwa kweli kuna sehemu tatu zisizotengana: mamlaka yaliyotajwa, vifaa na ruhusa za kuyatumia, na ahadi ya kumlinda atakayeyatumia kwa nia njema hata kama baadaye itaonekana hakukuwa na haja.

Mamlaka ya kwanza kukasimiwa yawe ni ya kusimamisha, tena kwa kila mtu, akiwemo aliyeajiriwa juzi. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi yeyote kwenye mstari wa uzalishaji anaweza kuvuta kamba anapoona kasoro. Kinachofuata kinafundisha: mstari hausimami papo hapo, kiongozi wa kikundi anakuja kusaidia, na wasipolimaliza tatizo kabla gari halijafika sehemu iliyowekwa ndipo mstari unasimama. Yaani anayevuta kamba kwanza anapata msaada. Ukitaka watu wasimamishe kazi mapema, hakikisha jambo la kwanza wanalokutana nalo baada ya kusimamisha ni mtu anayekuja kusaidia, na maswali ya "kwa nini umesimamisha?" yaje baadaye na kwa sauti ya kawaida.

Hatua inayofuata ni lugha ya kutamka kusudio. Mwaka 1999 David Marquet alipokuwa kamanda wa nyambizi ya jeshi la majini la Marekani, USS Santa Fe, aliwazoesha maofisa wake kuacha kuomba ruhusa na badala yake kutamka wanachokusudia kufanya, pamoja na sababu zinazoonyesha kwamba ni salama. Ndiyo namna ya simu ya tatu katika mfano wetu wa ghala. Uzuri wake ni kwamba kiongozi hahitaji kubuni suluhisho, anahitaji kulipima tu; na akisikia kusudio lisilo na sababu za kutosha anajua palepale ni nani anayehitaji mafunzo zaidi na ya jambo gani.

Kisha iandikwe mipaka. Kwa timu ya kompyuta, andiko hilo linaweza kusema: mhandisi wa zamu anaruhusiwa bila kuuliza mtu kurudisha toleo la awali la programu, kuzima kipengele kipya, kuongeza seva na kumwamsha yeyote usiku, anatakiwa kutamka kusudio na kusubiri jibu kabla ya kufuta data au kuzima mfumo mzima, na haruhusiwi kamwe kuzima ukaguzi wa usalama ili kurahisisha kazi. Mstari kati ya kundi la kwanza na la pili hauchorwi kwa ukubwa wa cheo. Unachorwa kwa swali moja: hatua hii inaweza kurudishwa nyuma? Inayorudishika iachwe kwa aliye karibu, hata kama ni kijana wa zamu ya kwanza. Isiyorudishika ipate jicho la pili.

Kukasimu kuna mahali kunaposhindwa, na ni lazima pasemwe. Timu mpya ambayo haijafanya mazoezi pamoja haiwezi kubebeshwa maamuzi kwa jina la kuiamini. Vikundi viwili vinavyoamua kila kimoja kivyake vinaweza kugongana, kimoja kikiwasha umeme ambao mwenzake ameuzima kwa ajili ya usalama wa fundi, na ndiyo sababu kukasimu bila mratibu kunakuwa hatari kadiri tukio linavyokua. Na zipo kazi ambazo sheria au kanuni za usalama zinamtaja mtu mmoja mwenye dhamana. Huyo hawezi kuigawa dhamana yake, ingawa anaweza kugawa utekelezaji.

Baada ya tukio

Chini ya amri ya mmoja, tathmini huelekea kumtafuta aliyevunja amri, na asipopatikana, aliyeitoa. Chini ya uratibu kuna kumbukumbu za saa kwa saa, hivyo mazungumzo yanaweza kuanza na kilichoonekana wakati ule, kabla ya kuingia hekima ya baadaye. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alipochunguza timu za hospitali katika miaka ya 1990 alikuta jambo lililomshangaza: timu zilizofanya kazi vizuri pamoja ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba zilikuwa na ujasiri wa kuyasema. Meneja anayefurahia daftari tupu la matukio ajiulize kwanza kama watu wake wanaruhusiwa kuliandika.

Ninavyopendekeza kuchagua

Tazama kwanza hatua ya kwanza ya tukio unaloliogopa zaidi. Kama ni hatari kwa uhai na jibu lake linajulikana, kama vile kutoka nje au kuzima mashine, usiifunge kwa ruhusa ya mtu yeyote; ikasimu kwa wote na muifanyie mazoezi. Hapo amri ya mmoja na kukasimu vinakutana, kwa kuwa yeyote atakayeona kwanza ndiye anayeamuru.

Kisha tazama idadi ya watu na muda. Tukio la watu wawili na nusu saa halihitaji mratibu wa pembeni. Mmoja atende, mwenzake aangalie na kuandika. Wakifika wanne au watano, au tukio likivuka saa moja, teua msimamizi wa tukio ambaye mikono yake haishiki kazi ya ufundi. Asiwe lazima mwenye cheo cha juu. Mara nyingi fundi hodari kuliko wote hafai nafasi hiyo, kwa sababu utamhitaji kwenye tatizo na yeye mwenyewe atashindwa kujizuia kulishika. Taarifa kwa wateja, wakubwa na waandishi wa habari apewe mtu mwingine kabisa, ili simu zao zisimkatishe msimamizi.

Halafu pima uzoefu kwa ukweli. Timu changa ianze na uratibu wenye maelekezo ya karibu, na msimamizi aombe kusudio hata pale anapojua jibu, maana ndipo watu wanapojifunza kufikiri kwa sauti. Timu iliyokomaa ipewe lengo na mipaka, na msimamizi ajizuie kuuliza kila dakika tatu. Kama kazi yako inahusisha maeneo yaliyo mbali, au mawasiliano yanayoweza kukatika, kukasimu kunakuwa sharti, na mamlaka hayo yaandikwe yakiwa na jina la nafasi inayoyashika.

Zaidi ya hatua hiyo ya kwanza, amri ya mmoja iwe njia yako kuu katika hali mbili tu: timu ambayo haijawahi kufanya kazi pamoja, na hali ambayo watu wameshikwa na taharuki kiasi cha kutosikilizana. Katika hali hizo chukua usukani waziwazi, sema umeuchukua, na hali ikitulia sema umeurudisha na kwa nani: "Nimechukua uamuzi wote kwa muda. Kuanzia sasa mtambo uko chini ya fundi, watu wako chini ya kiongozi wa wapakiaji, nami narudi kuratibu."

Mkipanga kuanza, anzeni na mazoezi ya mezani ya saa moja: mchague tukio moja, msimamizi wa kawaida akae pembeni bila kuongea, na mtu wa zamu aliongoze tangu dalili ya kwanza. Kila anapogeuka kumtazama msimamizi ili apate ruhusa, mwandike ruhusa aliyokuwa akiitafuta. Orodha itakayopatikana ndiyo rasimu ya madaraka ya kukasimu, na inafaa isainiwe na meneja wiki hiyohiyo, kabla ya zamu ya usiku inayofuata kuingia.